2147483647: namba iliyojaa kwenye databesi yangu, kumbe ni namba tasa yenye ukoo wake

Fundi Jedwali (mleta mada)

Wakuu habari za muda huu, poleni na majukumu.

Nilipata kakazi ka shule moja ya binafsi, siitaji, wanataka mfumo wa kuwatumia wazazi meseji za ada na matokeo. Nikachukua faili lao la Excel, wazazi mia tatu na kitu, nikalimwaga kwenye databesi ya MySQL, likaingia bila kelele, nikaandika meseji ya majaribio nikabonyeza kutuma. Kimya. Nafungua jedwali naangalia safu ya simu, wazazi wote wana namba moja. Baba Neema 2147483647, mama Juma 2147483647, mpaka mwenye shule mwenyewe 2147483647.

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Ile safu niliitangaza INT, yani ya namba kamili, na namba zao zimeandikwa kwa 255 mbele, yani tarakimu 12. INT ya kawaida mwisho wake ni hiyo hiyo 2147483647, ukiipa kubwa zaidi na seva yako hujaiwekea ukali, haikatai, inaandika ile kubwa kuliko zote inayoijua halafu inaendelea na maisha. Ni kumimina ndoo kwenye kikombe, kikombe kimejaa na maji yako huyaoni. Vijana mnaoanza shikeni hili: namba ya simu ni maandishi, huwezi kujumlisha simu ya baba Neema na ya mama Juma ukapata shemeji.

Sasa wakati nasubiri waniletee faili upya nikaanza kuichokoa ile namba kwenye kikokotoo nione inagawanyika kwa ngapi. 3 hapana. 7 hapana. 11, 13, 17, nikaenda mpaka mia na kitu hola. Nikaandika kiprogramu cha mistari mitano kikagawe mpaka mwisho, kikarudi na jibu: NI TASA. Nikajua nimekosea nikarudia, jibu lile lile. Kufuatilia nakuta hii namba watu wanaijua tangu karne ya 18, kabla hata ya mtu kuota kompyuta. Ni 2 ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe mara 31 halafu ukatoa 1, yani 2^31 − 1.

Nimefungua huu uzi wanaojua hesabu washushe nondo. Mi nitachangia nilichosoma.

Kilaza Mstaafu

Mkuu hesabu nilipata F ya kudumu, ila mbele nimekaa. Tasa ndo ipi tena, ile isiyozaa?

Fundi Jedwali

@Kilaza Mstaafu ndo hiyo hiyo mkuu. Namba ambayo haigawanyiki kwa kitu kingine zaidi ya 1 na yenyewe. 7 ni tasa, 9 sio maana 3 inaingia. Kama unakumbuka KDS na KKS za darasa la tano, zile namba ulizokuwa unapanga pembeni ya mstari, 2, 2, 3, 5, ndo hizo.

Bit na Biti

Hiyo sio ajabu. Waliotengeneza kompyuta walichagua namba tasa makusudi kwa ajili ya usalama, kila mtu wa IT anajua kwamba usalama wote wa intaneti umekaa kwenye namba tasa.

Mwalimu wa Zamu

@Bit na Biti hapana ndugu yangu, hapo umechanganya mafaili. Usimbaji unatumia namba tasa kweli, ila hii imetokea kwa bahati tu. INT ina biti 32, yani nafasi 32 za 0 au 1, moja inashika alama ya kujumlisha au kutoa, zinabaki 31, ukizijaza zote kwa 1 unapata 2^31 − 1, basi, hakuna aliyekaa kikao kuichagua.

Angalia ndugu zake. Biti 8, toa ya alama zinabaki 7: kubwa yake ni 127, tasa. Biti 16 zinabaki 15: 32767, hiyo ni 7 × 31 × 151, sio tasa. Biti 32 ndo hii yetu. Biti 64 zinabaki 63: kubwa yake ni 9223372036854775807, inagawanyika kwa 7 bila jasho. Kwahiyo ni mbili ndani mbili nje.

Na sababu ya hizo mbili za nje unaiona kwa macho ukiziandika kwa 0 na 1. Chukua ndogo, 2^6 − 1 ni 63, kwa 0 na 1 ni 111111. Hiyo ni 111 ikifuatiwa na 111. Kwahiyo 111, yani 7, lazima iingie. Kipeo kikigawanyika, ule mstari wa moja moja unakatika vipande sawa, na kila kipande ni kigawo. 15 inakatika kwa 3 na 5, 63 inakatika kwa 7 na 9. Ila 31 haikatiki.

Pwani Kwetu

Shikamoo Mwalimu. Kwahiyo kipeo kikiwa tasa basi na jibu ni tasa? Mbona rahisi, tunaokota tasa mpya kila siku, tukauze.

Mwalimu wa Zamu

Marahaba. Ungekuwa mtego wa namna hiyo nisingekuwa nafundisha mpaka leo. 11 ni tasa, 2^11 − 1 ni 2047, na 2047 ni 23 × 89.

Huo mtego umewanasa wakubwa. Mtaliano Cataldi alithibitisha kwa kugawa kwamba 17 na 19 zinatoa tasa, hapo yuko sawa, halafu akanogewa akasema na 23, 29, 31 na 37 pia. Katika hizo nne ni 31 tu iliyopona. 2^23 − 1 inagawanyika kwa 47, 2^29 − 1 kwa 233, 2^37 − 1 kwa 223. Akaja mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, ndiye hizi namba zinaitwa kwa jina lake, mwaka 1644 akatoa orodha ya vipeo mpaka 257. Akaweka 67 na 257 ambazo sio, akasahau 61, 89 na 107 ambazo ndizo.

Hiyo 67 ina kisa ninachokipenda kupita vyote. Oktoba 1903 kwenye mkutano wa chama cha wanahesabu wa Marekani, Frank Nelson Cole alisimama ubaoni bila kusema neno. Akaipiga 2^67 kwa mkono, akatoa 1, akapata 147573952589676412927. Akahamia upande wa pili wa ubao akaandika 193707721 × 761838257287 akazidisha tarakimu kwa tarakimu, jibu likawa lile lile. Akaweka chaki akaenda kukaa. Ukumbi ukapiga makofi. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa ilimchukua muda gani akasema Jumapili za miaka mitatu.

Kilaza Mstaafu

Jumapili za miaka mitatu na mimi mpira wa Jumapili tu naona unanichosha

Ugali Kwanza

Ngoja niulize kama mlipa kodi. Hii 2147483647 mnajuaje ni tasa KWELI kama mlikuwa hamna kompyuta hiyo 1700 huko? Mtu aligawa namba zote bilioni 2? Hii ni chai.

Mwalimu wa Zamu

Swali zuri, na hapa ndo penyewe. Nipeni dakika maana naandika kwa simu na bando linaelekea ukingoni.

Kwanza hugawi mpaka bilioni 2. Vigawo vinakuja kwa jozi, mmoja mdogo mmoja mkubwa, kwahiyo ukifika kwenye kipeuo cha pili hujapata kitu, hakipo. Kipeuo cha pili cha hii ni 46340 na pointi. Ukigawa kwa witiri zote mpaka hapo ni mara elfu 23 na ushee. Bado ni adhabu. Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi St Petersburg, jibu lake lilitoka 1772, na wakati huo macho yake yalikuwa karibu yamezima yote mawili. Alizipunguza kutoka elfu 23 mpaka 372.

Alifanyaje? Cheza mchezo huu na namba tasa 23. Anza na 1, zidisha kwa 2, kila ukivuka 23 toa 23:

1, 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, 1

Umerudi nyumbani baada ya hatua 11. Kurudi kwenye 1 baada ya hatua 11 maana yake 2^11 ukigawa kwa 23 inabaki 1, yani 2^11 − 1 inagawanyika kwa 23. Ndo ile 2047 ya juu. Sasa angalia kitu kingine: uwanja wenyewe una namba 22, kuanzia 1 hadi 22, na 11 inaingia kwenye 22 kamili. Haijatokea tu, mwanahesabu Mfaransa Fermat alishalisema 1640, kwa tasa yoyote q, idadi ya hatua za kurudi nyumbani lazima iingie kamili kwenye q − 1.

Tuseme basi kuna tasa q inayogawa 2^31 − 1. Ukicheza mchezo na hiyo q unarudi nyumbani kwenye hatua ya 31. Na huwezi kuwa umerudi kwa mzunguko mfupi zaidi, maana mzunguko mfupi ungelazimika kuingia ndani ya 31 na 31 haiingiliki. Kwahiyo 31 inaingia kwenye q − 1. Halafu q ni witiri, q − 1 ni shufwa, basi ni 62 inayoingia. Ghafla q haiwezi kuwa kitu chochote tu, lazima iwe 63, 125, 187, 249, 311, kila baada ya 62. Kuna sharti la pili ambalo sitalithibitisha hapa, kwamba q ukiigawa kwa 8 lazima ibaki 1 au 7. Ukiyabana yote mawili pamoja zinabaki foleni mbili:

63, 311, 559, 807 ...
249, 497, 745, 993 ...

kila moja inaruka 248. Hesabuni mpaka 46340, ni namba 373, toa 63 maana 3 inaingia humo, 372. Na nyingi humo sio tasa kwahiyo unaziruka pia. Hata 2047 yetu imo kwenye foleni ya kwanza, imekuja kusalimia. Zinazobaki unagawa moja moja. Euler akagawa, hakuna iliyoingia. Kwisha kazi, hiyo sio chai @Ugali Kwanza.

Pwani Kwetu

Yaani kipofu kawashinda wenye macho. Mwalimu hapo kwenye mchezo wa kuzidisha mbili nimefanya na 7 nikapata 1, 2, 4, 1, hatua 3, na 3 inaingia kwenye 6. Nimeelewa!! Miaka yote najua hesabu inanichukia.

Fundi Jedwali

Niongezee nilichokisoma. Baada ya Euler hii namba ilishika taji la tasa kubwa inayojulikana duniani kwa miaka mingi. Yeye mwenyewe ndo aliyekuwa na taji la kabla, 6700417, aliipata miaka arobaini nyuma. Na 1811 Mwingereza Peter Barlow akaandika kwamba namba kamilifu inayozaliwa na hii (nazieleza hapo chini) huenda ndo kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, sababu hizi ni za kushangaza tu hazina matumizi, nani atajisumbua? Mwaka 1876 Mfaransa Lucas akajisumbua, akathibitisha 2^127 − 1, tarakimu 39.

@Kilaza Mstaafu ulisema tasa haizai. Hii imezaa. Chukua 28, vigawo vyake ukiacha yenyewe ni 1, 2, 4, 7, 14, jumlisha unapata 28 ile ile. Zinaitwa namba kamilifu. 6 nayo iko hivyo, halafu 496, halafu 8128. Kila tasa ya ukoo huu inatoa namba kamilifu moja, 28 ni 4 × 7, 496 ni 16 × 31. Hii yetu ukiizidisha kwa 2^30 unapata 2305843008139952128, na vigawo vyake vyote ukiacha yenyewe ukivijumlisha vinarudi pale pale. Mgiriki Euclid ndo alionyesha hivyo kabla ya Kristo, Euler akaja kuonyesha kwamba kamilifu zote za shufwa zinatoka kwenye tumbo hili hili, hakuna nyingine. Za witiri mpaka leo hakuna aliyeiona hata moja, na hakuna aliyethibitisha kwamba hazipo.

Ugali Kwanza

Sawa Euler tumemwelewa. Barlow lakini alikuwa na hoja. Inanisaidia nini mimi?

Fundi Jedwali

Ukicheza gemu lolote linalochanganya karata unaweza kuwa umeitumia. Kompyuta haijui kubahatisha, inaigiza. Kanuni moja maarufu, Park na Miller waliipigia debe 1988, ni hii: chukua namba, zidisha kwa 16807, gawa kwa 2147483647, chukua baki, hiyo ndo namba yako ya bahati, rudia. Ukianza na 1 unapata 16807, halafu 282475249, halafu 1622650073, unaona zinaruka kama panzi.

Kwanini igawe kwa tasa? Jaribu na ndogo. Gawa kwa 15, zidisha kwa 3 kuanzia 3: 3, 9, 12, 6, 3. Umenaswa kwenye kishimo, hutaiona 1 wala 7 maisha. Gawa kwa 7 zidisha kwa 3: 1, 3, 2, 6, 4, 5, 1. Umetembelea nyumba zote kabla ya kurudi. Hii kubwa inafanya hivyo hivyo, inapita kwenye namba zote kuanzia 1 mpaka 2147483646 kila moja mara moja tu. Tasa peke yake haitoshi, kizidishio nacho lazima kichaguliwe, hiyo 16807 ni 7^5 na 7 ndo inayozungusha nyumba zote.

Bit na Biti

Nakubali nilichemka kule juu. Ila mmesahau ya 2038. Mifumo mingi ya zamani inahesabu muda kwa sekunde kuanzia 1/1/1970 na inazihifadhi kwenye hizi biti 32. Sekunde ya 2147483647 inaangukia Jumanne tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu za Afrika Mashariki saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde inayofuata, mfumo ambao haujarekebishwa unaruka kinyumenyume mpaka Desemba 1901. Utakuwa unakunywa chai, seva inakwambia babu yako hajazaliwa.

Na YouTube Desemba 2014 ile video ya Mkorea anayecheza kama kapanda farasi ilifika huko huko kwa idadi ya kutazamwa, ikabidi watangaze kwamba wamepandisha kihesabio kwenda biti 64.

Pwani Kwetu

Na tasa kubwa kuliko zote sasa hivi ni ipi?

Mwalimu wa Zamu

Kubwa kuliko zote haipo, Euclid alishaonyesha haziishi. Kubwa inayojulikana ni ya ukoo huu huu, 2^136279841 − 1, ilithibitishwa Oktoba 2024. Luke Durant, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi kampuni ya chipu ya NVIDIA, alikodi kadi za michoro kwenye vituo vya nchi 17. Ina tarakimu 41,024,320. Ukiichapa tarakimu 3000 kwa ukurasa, upande mmoja wa karatasi, andaa rimu 28.

Huko hawagawi tena. Kuna kipimo cha Lucas alichokuja kukinoa Lehmer, kinafanya kazi kwa ukoo huu tu, na kinaingia kwenye kiganja. Anza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2, gawa kwa namba unayoipima chukua baki. Rudia mpaka zimepita hatua mbili pungufu ya kipeo. Ukiishia 0 ni tasa. Pima 31, yani 2^5 − 1, hatua 3: 4, kisha 14, kisha 194 inayobakisha 8, kisha 62 inayobakisha 0. Tasa. Pima 2047 kwa hatua 9: 4, 14, 194, 788, 701, 119, 1877, 240, 282, 1736. Sio 0, basi sio tasa, na angalia haijakuambia 23 wala 89 ziko wapi, imekuambia tu kwamba hapa pana kitu.

Bando limeisha jamani, nikipata la usiku nitarudi.

Ugali Kwanza

@Fundi Jedwali na hao wazazi uliwapataje?

Fundi Jedwali

Faili la Excel walishalifuta mkuu. Nimepewa daftari la mahudhurio nachapa simu moja moja, safu sasa ni VARCHAR, yani ya maandishi, nimefika darasa la nne.

Kilaza Mstaafu

Wakuu mi ni mlinzi, usiku nina muda. Nimechukua foleni za Mwalimu na karatasi, nagawa kwa mkono bila kikokotoo.

311 inabaki 35.
1303 inabaki 226. Hii nimerudia mara mbili, ya kwanza nilikosea kukopa.
1489 inabaki 199.

Inayofuata ni ipi, nimeshindwa kujua kama 2233 ni tasa

Mwalimu wa Zamu

2233 ruka, 7 inaingia, 11 pia. Nenda 2543.

Kilaza Mstaafu

1523

Mwalimu wa Zamu

Sahihi. 2729.